Vai Thina: Miaka Yangu Juu ya Matangi

Nilifika Ikutha nikiwa nimekalia gunia la chumvi ya mifugo nyuma ya lori la mbuzi, na sikuwa na nia ya kufika Ikutha. Naanzia hapo kwa sababu ninyi mnaopanda matangi siku hizi hudhani nililetwa na barua ya kazi. Nililetwa na mbuzi.

Kabla ya hapo nilikuwa mpanda busta. Kampuni za simu zinapojenga minara kule kaskazini, lazima wawepo watu wa kupanda kufunga madishi na kubadilisha taa za juu, nami nilikuwa mmoja wao. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka nyumbani Kalamba kutafuta kibarua cha mwezi mmoja, nikazunguka Moyale, Wajir, Mandera na Garissa mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimesema mwezi mmoja. Mama alikuwa akipiga simu na kuuliza, "Uko wapi sasa?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Niko njiani." Haukuwa uongo. Ni vile tu njia yenyewe haikuwa ya kwenda kwake.

Kandarasi ilipokwisha Garissa niliomba lifti kwa Halima. Halima ni mwanamke wa makamo kutoka familia ya wauza mifugo, mwenye malori mawili na sauti inayoweza kuvuta la tatu. Siku hiyo alikuwa anapeleka mbuzi wa Galla, wale weupe wakubwa, kwa vikundi vya wafugaji wa kusini mwa Kitui. Aliniangalia mimi na mfuko wangu wa kamba na vyuma vya kupandia.

"Unashukia wapi?"

"Sijaamua bado, mama."

"Basi utashuka mahali mbuzi watashuka."

Barabara ilikuwa ndefu. Tulipata pancha kabla ya Mwingi, tukalala Kitui, na asubuhi tukaendelea kushuka kusini. Mutomo tuliposimama kunywa chai nilimsikia Halima akizungumza kwa simu juu ya tangi, kipimo na ngazi. Akakata simu, akanigeukia.

"Ulisema ulikuwa unapanda busta?"

"Ndiyo."

"Tangi la maji utaogopa?"

"Tangi ni fupi, mama."

"Walahi, kila mtu husema hivyo akiwa chini."

Ndipo akanieleza. Kulikuwa na mtandao wa wanawake wenye biashara za teknolojia, kutoka Kitui mpaka Makueni. Mmoja alitengeneza simu pale Wote, mwingine aliuza mashine za kuangulia vifaranga zinazokupigia simu joto likishuka, mwenyekiti wao alikuwa na saiba, duka la intaneti, mjini Kitui. Halima alikuwa mmoja wa washauri.

"Unawashauri nini?"

"Usafiri. Mashine zao zote husafiri na mbuzi wangu."

Pale Ikutha, alisema, kulikuwa na mwanachama aitwaye Mwikali. Alikuwa amebuni kitu cha kuweka ndani ya tangi, na alikuwa akipanda kukirekebisha yeye mwenyewe mpaka mimba ilipokua na mwenyekiti akamkataza ngazi. Wanaume wawili waliitwa. Wa kwanza alifika katikati ya ngazi akakumbuka ana shughuli nyumbani. Wa pili aliikumbuka yake akiwa bado chini.

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa juu ya tangi la chuma lililosimama kwenye miguu mirefu, na bosi wangu alikuwa chini, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, ameshika mwavuli. Mwikali alikuwa amefundisha chekechea kabla ya kuacha kazi hiyo kwa ajili ya kipimo chake, na aliniongoza vile anavyowaongoza ninyi, kama watoto wa darasa lake.

"Fundi, usivute huo waya. Waya hauvutwi, waya unaombwa."

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kukieleza. Boya linaelea ndani ya tangi. Boya likiwa juu, kisanduku chenye laini ya simu kinatuma meseji kwa wanawake waliojiandikisha kwamba maji yapo. Boya likilala chini, kinatuma kwamba hakuna. Juu ya kisanduku kuna paneli ndogo ya sola. Ni hayo tu. Lakini mtu wa huku anajua "hayo tu" ni nini. Kisima kirefu cha Ikutha huhudumia watu wa mbali, na mama yake Mwikali alikuwa amefuata punda maisha yake yote kwenda kwenye kioski cha maji, na mara nyingi kurudi na mitungi ikigongana mitupu. Mwikali aliniambia kwamba sauti hiyo, ya mitungi mitupu ikikaribia nyumbani, ndiyo iliyomfanya aache chekechea.

Meseji zilikuwa mbili, za Kikamba. Maji yakiwepo: VE. Yasipokuwepo: VAI. Kuna, hakuna. Hata wasiojua kusoma walizishika upesi kwa umbo. Fupi, kuna, ndefu, hakuna.

Acha niseme neno juu ya vifaa, kwa sababu nawaona mkipanda navyo ovyo. Funga spana kwa kamba mkononi. Spana ikianguka ndani ya tangi, utakunywa kutu yake mpaka ustaafu. Mjusi hupenda kulala juu ya betri, kuna joto, usimpige, mtoe. Nyuki huja kwenye bomba la juu wakati wa kiangazi, kwa hiyo siku ya kupanda usioge kwa sabuni ya kunukia. Mimi niliambiwa hilo nikiwa tayari nimeoga.

Watu wa Ikutha walipouliza ninafanya kazi wapi nilijibu, "Kwa mtandao." Lilikuwa kosa. Kila siku ya soko walinijia wakinyoosha simu juu. "Fundi, mtandao wenu unapotea kule kwetu bondeni, mbona?" Niliwaeleza kwamba huu ni mtandao wa akina mama. Mzee mmoja akafikiri kidogo, akaniambia, "Basi waambie akina mama wauwashe." Mwenyekiti aliposikia hakucheka. Alisema mtu aliyekuja na simu mkononi asifukuzwe, aketishwe, tujue simu yake ni ya aina gani na anaitumiaje. Niliona ni kupoteza wakati. Mtaona.

Mwenyekiti huyo alikuwa Mama Mwende. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye hotipoti ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliyoibeba kila alikoenda, na aliuongoza mtandao kwa desturi moja aliyoikuta kwa mama yake: mwethya. Ninyi vijana wa mjini, mwethya ni vile wanawake wa kijiji hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo, na kesho la mwingine, mpaka wote wamelimiwa. Mama Mwende aliuhamisha mwethya kutoka shambani akaupeleka kwenye biashara. Kila mwezi wanachama wote walikwenda kwa mmoja wao wakafanya kazi pale siku nzima: kupanga vipuri, kusafisha mashine, kuita wateja barabarani. Washauri pia. Kwake, mshauri hakupewa kiti kabla ya kufanya kazi. Nilimwona wakili mmoja akifagia kinyesi cha vifaranga, na ushauri alioutoa jioni ulikuwa mfupi kuliko ule aliokuja nao.

Mshauri aliyependwa kuliko wote alikuwa Madam Koki. Alizaliwa Makueni, akafanya kazi ya matangazo ya biashara Nairobi, na alikuja kwa hiari yake, kwa gharama yake, na viatu ambavyo havikufanywa kwa ajili ya mchanga wetu. Mkono wake ulijua maneno. Ndiye aliyeandika kibao cha duka la Wote ambacho watu walisimama kukisoma wakiwa hata hawana simu mbovu. Tulipofanya mwethya kwa Mwikali, Madam Koki aliteka maji, akasugua mitungi, kisha akaketi akaomba kuona meseji.

"VE," akasoma. "VAI. Mwikali, hii ni kama polisi anaita majina. Mtu amengoja maji, mwambie neno tamu. Sisi Wakamba tunasemaje mambo yakiwa mazuri?"

"Vai thina," watu wakaitikia pamoja, wakacheka.

Vai thina: hakuna shida. Ndiyo salamu yetu, ndiyo kwaheri yetu, ndilo jibu la fundi anapoulizwa kama kitu kitapona. Basi ikakubaliwa kwamba tangi likijaa, meseji iseme: Vai thina, kiw'u ki vo. Hakuna shida, maji yapo. Mwikali aliligeuza neno hilo mdomoni mara mbili, lakini alimheshimu Madam Koki, na sisi wengine tulikuwa tunapiga makofi. Nilipanda mimi mwenyewe kubadilisha.

Kiangazi kiliingia. Punde si punde mwangalizi wa kioski akatupigia simu akiwa amechanganyikiwa. "Maji yako. Watu hawako."

Tulikuta tangi limejaa mpaka linamwagika na foleni hakuna. Wanawake walikuwa wamerudi kwenye mto mkavu, wanachimba mchanga na kuteka kwa kikombe yale maji ya rangi ya chai. Mwangalizi aliwaambia waliopita njiani kwamba maji yapo, wakamjibu kwamba simu imekataa. Wachache walisogea mpaka wakaona kioski kwa mbali, hakuna mtu, hakuna punda, wakageuka. Kwetu mahali pasipo na foleni hapana maji.

Kamati ya maji haikuuza kitu, na mafuta ya pampu yalikuwa yanaungua bure. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mutua, alimwambia Mwikali bila hasira, "Mwaitu, mama yangu, kabla ya mashine yako watu walikuwa wanakuja hata maji yasipokuwepo. Sasa yapo na hawaji. Siku ya soko tutaitisha baraza tuitoe."

Kulikuwa na visima vingine vinne vilivyokuwa vinangoja kuona Ikutha itaendaje. Kipimo kikishushwa hapa kwa aibu, hakuna mahali pengine kingepandishwa. Mwikali alijua. Alikuwa na mtoto mgongoni wakati huo, yule msichana mnayemwona na sare ya shule, na alikuwa ananiangalia nikipanda kama mtu anayemwangalia daktari.

Nilipanda. Hilo ndilo tatizo gumu kuliko yote niliyopata kazini, kwa sababu halikuwa na tatizo. Boya lilikuwa linacheza vizuri. Betri ilikuwa imejaa. Meseji zilikuwa zinakwenda. Simu yangu mwenyewe ilizipokea nikiwa nimening'inia pale juu. Nilifungua kila skrubu na kuirudisha. Nilishuka nikamwambia Mwikali, "Kiko sawa." Akasema, "Afadhali ungeniambia kimekufa."

Mama Mwende, Halima na Madam Koki walifika siku moja kabla ya baraza. Mama Mwende aliangalia tangi, akaangalia barabara tupu, akasema, "Twendeni mtoni, tukafanye mwethya." Tukashuka.

Madam Koki alipiga magoti kando ya bibi mmoja, Susu Kavinya, akachukua kikombe na kuanza kuteka. Walikwenda hivyo kwa muda, zamu kwa zamu. Kisha akauliza, kama mtu anayetafuta mazungumzo tu, "Susu, simu unayo?"

Susu Kavinya akaitoa ndani ya kitambaa. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, kioo kimepasuka upande mmoja. Ukifungua mahali pa meseji, ilionyesha mwanzo tu wa kila moja. Madam Koki aliitazama, akakitua kikombe chini.

"Susu, hapa imesemaje?"

"Unaona ndefu hiyo? Imesema vai. Kila siku vai. Nimechoka nayo."

Kioo kilionyesha neno moja: Vai. Lililobaki, kwamba hakuna shida na maji yapo, lilikuwa ndani, mahali ambapo Susu Kavinya hakuwahi kufungua, kwa kuwa hakuwahi kuwa na sababu. Na si yeye peke yake. Waliojua kusoma wengi walitupia jicho tu, wakarudisha simu kitambaani, wakachukua njia ya mto. Waliobaki waliwasikiliza majirani.

Madam Koki alikiokota kikombe tena, akateka mpaka ndoo ya Susu ilipojaa. Alimtwika. Kisha akatugeukia akasema, "Ni mimi."

Tulirudi kwa Mwikali, tukaketi mkekani. Mama Mwende aligawa muthokoi na hakuna aliyekula. Mwishowe akasema, "Kesho tutaeleza kwamba mtandao ulikuwa na shida."

Lilikuwa jibu zuri sana. Nchi hii hakuna mtu anayebishana na maneno hayo. Benki huyasema, hospitali huyasema, na watu hurudi nyumbani wakilaumu mawingu. Na ukiligeuza neno, lilikuwa hata na ukweli: mtandao ulikuwa na shida, ni vile tu si ule wa kwenye minara. Mama Mwende hakuwa mwongo. Alikuwa anamfunika mtu wake, na alikuwa anakifunika kipimo.

"Madam Koki amekuja huku bila kulipwa," alisema. "Sitamsimamisha mbele ya soko zima achekwe."

Halima alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti. "Mama Mwende, mbuzi akiwa na jicho moja, mimi humwambia mnunuzi kabla hajalipa. Nisipomwambia, mbuzi atarudi, na siku hiyo hata wenye macho mawili hawatanunuliwa."

"Hii si mbuzi."

"Kila kitu ni mbuzi."

Mama Mwende akamgeukia Mwikali. "Kipimo ni chako. Sema wewe."

Mwikali alimhamisha mtoto kutoka goti moja hadi lingine. Najua alichokuwa anakipima. Akisema ukweli, kamati ingesikia kwamba mashine ilidanganya kijiji wakati wa kiangazi, na mwenye mashine ndiye aliyekubali. Akinyamaza, angebaki na kisingizio ambacho kila mtu angekipokea.

"Nikisema ni mtandao," alisema, "kesho kutwa kipimo kikiandika vai ya kweli, watasema ni mtandao tena, wataenda na punda. Mama yangu atarudi na mitungi mitupu. Basi nitakuwa nimetengeneza nini?"

Madam Koki akasema, "Nitasema mwenyewe."

Siku ya soko alisimama mbele ya watu akiwa na viatu vyake mkononi, kwa sababu vilikuwa vimekatika mtoni. Alisema kwa Kikamba kwamba neno lilikuwa lake, kwamba alilipenda kwa utamu na hakuliangalia kwenye simu ndogo. Mwikali akasimama kando yake, akasema kwamba yeye alilikubali. Kisha Mzee Mutua akaegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo mmetuambia hakuna shida, ndiyo tukapata shida."

Alianza kucheka mtu mmoja nyuma, halafu soko lote. Kilikuwa kicheko kibaya na kizuri pamoja. Mama Mwende aliangalia chini. Mzee Mutua alingoja, akasema kamati bado haioni sababu ya kukiacha kipimo, maana nani atakiamini tena? Na alikuwa na haki.

Susu Kavinya ndiye aliyeomba kusema, akiwa ameketi. "Huyu alitusemea vai. Akae hapa atusemee ve, mpaka tuzoee. Kwenye mwethya, ukivunja jembe la wenyewe huendi nyumbani na mpini."

Wanawake wakaguna kukubali. Mzee Mutua aliuliza kama Madam anaweza. Madam Koki aliuliza kama kuna mtu wa kumwazima malapa.

Alikaa Ikutha mpaka mvua za kwanza. Nilirudisha maneno ya zamani kwenye kisanduku, fupi na ndefu, na kila asubuhi boya likiwa juu Madam Koki alipita boma kwa boma akipiga hodi vile tunavyopiga sisi: "Ve mundu?" Kuna mtu? Akiitikiwa anasema, "Ve kiw'u." Watoto walimfuata wakimwigiza. Wanawake walimtania kwa Kikamba chake cha Nairobi. Asubuhi moja kipimo kilituma vai, pampu ilikuwa imekwama, na hakuna hata punda mmoja aliyetoka bomani. Mwikali alisimama kwenye kioski kitupu, mahali ambapo zamani angelia, akatabasamu. Kipimo hakikushushwa. Vile visima vinne vikaomba vipimo vyao.

Tangu siku hiyo mtandao una sheria ambayo washauri wapya huiona ya ajabu: ushauri hauanzi kazi kabla mwenye kuutoa hajauona kwenye simu ndogo kuliko zote, mkononi mwa mwenyewe, na akiutoa anakaa hapo hapo mpaka ukomae. Wengine hawarudi. Mama Mwende anasema hao nao wametushauri. Na wale wazee wa "mtandao wenu umepotea", sasa mnajua kwa nini tunawaketisha.

Mimi nilibaki miaka mingi kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote, ingawa kwa matangi na barabara sikukaa nyumbani. Mtu akibisha kwangu na kuuliza "Ve mundu?", majirani walimjibu kwa niaba yangu, "Vai." Likawa jina langu. Hata Halima, ambaye Kikamba chake ni cha sokoni, aliniita Bwana Vai.

Kisha goti likaanza kuuma. Watu hustaafu kwa mvi. Mimi nimestaafu kwa goti, na miaka hamsini sijaifikisha. Siku ya mwisho nilisimama chini ya tangi la Ikutha, nikaketi juu ya mtungi uliopinduliwa, na Mwikali akanishikisha mwavuli. Juu alikuwa Ndinda, mmoja wenu, spana imefungwa mkononi.

"Usivute," nikamwambia.

"Najua, Fundi. Unaombwa."

Nilimwomba Mwikali aitoe namba yangu kwenye kipimo, kwa kuwa sitateka tena maji pale. Akasema, "Vai thina," na kwa mara ya kwanza nilijiuliza anamaanisha nini hasa.

Nilipitia Kibwezi, nikasimama Kiboko kununua machungwa ya kupeleka nyumbani. Nikiwa nachagua, simu ikatetemeka mfukoni. VE. Ndinda alikuwa amemaliza, na Mwikali hakuwa ametoa kitu. Nilisimama pale na machungwa mkononi mpaka mwuzaji akaniuliza kama kuna habari mbaya.

Kalamba nilifika jua likiwa bado juu. Lango la mama lilikuwa limeegeshwa tu, na moshi ulikuwa unatoka jikoni. Sikuwa nimempigia. Nilisimama nje na mfuko wangu wa kamba na vyuma, nikabisha vile nilivyobishiwa miaka yote hiyo.

"Ve mundu?"

Kisha sauti yake, bila haraka.

"Ve."

Nikaingia, nikafunga lango.